Jaji Ameer Ali na Wakfu Uliokataliwa London



Sisi tunaosoma sheria hapa Uganda tunafundishwa kwamba enzi za ukoloni rufaa ya mwisho ya nchi hizi haikusikilizwa Kampala wala Nairobi. Ilivuka bahari hadi London, kwenye kamati ya majaji wa Baraza la Mfalme, chombo ambacho vitabu vyetu hukiita Privy Council. Jambo ambalo wengi hatuambiwi ni kwamba kuanzia mwaka 1909 hadi mwaka 1928 mmoja wa waliokaa katika kamati hiyo alikuwa Muislamu, msomaji wa Kiarabu na Kiajemi, mtunzi wa vitabu vya sheria ya Kiislamu vilivyokuwa vikisomwa mahakamani kote India. Jina lake ni Sayyid Ameer Ali. Ndugu zetu wengi wanamjua kwa kitabu chake The Spirit of Islam. Mimi nataka kumzungumzia jaji, hasa kwa ajili ya hoja moja aliyoishikilia mahakamani akashindwa, na kushindwa kwake kukafika hadi Mombasa.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1849 katika mji wa Cuttack, jimbo la Orissa, mashariki ya India. Ukoo wake ulikuwa wa masayyid wa Kishia wenye asili ya Uajemi. Baba yake, Saadat Ali, alikuwa tabibu, naye aliihamishia familia Bengal, wakakaa Chinsura, mji ulio kando ya mto Hooghly, juu kidogo ya Calcutta. Baba alifariki Ameer Ali akiwa bado mtoto, lakini masomo hayakukatizwa.

Hapo Hooghly kuna kisa ambacho lazima nikieleze, maana bila hicho mengine hayaeleweki vizuri. Chuo alichosoma, Hooghly College, kilifunguliwa mwaka 1836 kwa mapato ya wakfu. Haji Muhammad Mohsin, tajiri wa mji ule, aliandika hati mwaka 1806 akaiweka mali yake wakfu kwa kazi za dini na za kheri, kisha akafariki mwaka 1812. Mali ile iligombewa, wasimamizi wakashitakiwa kwa ubadhirifu, serikali ya Kiingereza ikaingilia kati, na sehemu ya fedha ikajenga chuo. Waislamu walilalamika kwa miaka mingi kwamba fedha za Haji zinasomesha zaidi wasio Waislamu, hata mwaka 1873 serikali ikakubali kuzielekeza upya kwenye elimu ya Waislamu. Ameer Ali ni zao la chuo hicho. Mmoja wa watu waliomlea kifikra alikuwa Sayyid Karamat Ali, mutawali wa Imambara ya Hooghly, ambayo nayo ilikuwa chini ya wakfu uleule. Na kuanzia mwaka 1876 hadi 1904 Ameer Ali mwenyewe alikuwa rais wa kamati ya Imambara hiyo. Kwa hiyo mtu huyu hakuujua wakfu kwa vitabu tu. Alisomeshwa nao, akausimamia, akaona unavyoliwa na watu na unavyookolewa.

Alipata shahada ya pili mwaka 1868 na ya sheria mwaka uliofuata, wakati Waislamu wa Bengal waliofika huko walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Ukumbuke kwamba Kiajemi kilikuwa lugha ya mahakama kwa karne nyingi, na Waingereza walipokiondoa katika miaka ya 1830 familia nyingi za makadhi na makarani wa Kiislamu zilibaki bila kazi. Wengine waliona kujifunza Kiingereza ni kuuza dini. Ameer Ali alipata ufadhili wa serikali, akaenda London mwaka 1869, akasomea uwakili Inner Temple na kuhitimu mwaka 1873. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, alichapisha kitabu kuhusu maisha na mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.), kuwajibu waandishi wa Ulaya waliokuwa wakimtukana. Kitabu hicho ndicho alichokipanua baadaye, mwaka 1891, kikawa The Spirit of Islam. Zimo ndani yake kurasa ambazo wanazuoni wengi hawazikubali, kwa kuwa alivutiwa sana na Muutazila na alipenda kuupima Uislamu kwa kipimo cha akili ya karne yake. Asomaye asome akiwa na mwalimu karibu.

Aliporudi Calcutta mambo yalikwenda kwa kasi. Akafungua ofisi ya uwakili, akafundisha sheria ya Kiislamu Presidency College, akaanzisha mwaka 1877 jumuiya ya kisiasa ya Waislamu, National Mohammedan Association, iliyofungua matawi mengi nje ya Bengal. Akawa hakimu mkuu wa jiji, mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Bengal, kisha la Gavana Mkuu. Mwaka 1884 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa kiti cha mihadhara ya sheria ya Tagore, naye akachagua mada ya zawadi, wakfu na wasia katika sheria ya Kiislamu. Mihadhara ile ikawa kitabu, na kitabu hicho kiliwahi kusomwa mbele ya majaji kabla mwandishi hajawa jaji. Mwaka huohuo alimuoa Isabelle Ida Konstam huko London. Walizaa wana wawili, Waris na Torick, na wote wawili waliishia kuwa majaji India.

Mwaka 1890 aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta. Muislamu aliyemtangulia katika cheo cha namna hiyo alikuwa Syed Mahmood wa Allahabad, mtoto wa Sir Syed Ahmad Khan, ambaye hakudumu, akaondoka mwaka 1893. Ameer Ali alikaa miaka 14.

Sasa tufike kwenye wakfu. Kwa asiyesoma fiqhi nieleze kwa ufupi. Mtu anaitoa nyumba au shamba lake katika umiliki wake kwa ajili ya Allah. Kuanzia hapo mali haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na mapato yake ndiyo yanayogawiwa kama alivyoagiza mwenye kuweka. Mapato yakienda kwa msikiti, madrasa au maskini, kila mtu anaelewa. Lakini tangu zama za Masahaba ulikuwapo wakfu mwingine, ambao mapato yake yanawaendea watoto na wajukuu wa mwenye kuweka, kizazi baada ya kizazi, na ukoo ukikatika yanawarudia maskini. Zubayr bin al-Awwam (R.A.) aliweka nyumba zake wakfu kwa wanawe, na miongoni mwa aliowakusudia walikuwa mabinti zake watakaokuwa hawana waume. Wakfu wa Umar bin al-Khattab (R.A.) wa ardhi ya Khaibar uliwataja jamaa pamoja na mafukara. Mafakihi wakauita wakfu wa dhuria, na madhehebu yote makubwa yanaujua.

Majaji wa Kiingereza walilelewa katika sheria isiyopenda mali ifungwe kwa vizazi visivyo na mwisho. Na katika sheria yao, sadaka ni kuwapa watu baki. Anayewapa watoto wake, hata akilitaja jina la Mungu mara ngapi katika hati, hajatoa sadaka; amepanga tu mambo ya nyumbani kwake. Kulikuwa pia na jambo la kidunia zaidi. Mtu anaweka ardhi yake wakfu kwa familia, mtoto wake anakopa fedha kwa mfanyabiashara, mfanyabiashara anakuja kuikamata ardhi, anaambiwa haikamatiki kwa sababu ni ya Mungu. Kesi nyingi za wakfu zilizofika mahakamani zililetwa na wadai wa aina hii au na watu walionunua ardhi kwa mwanafamilia asiye na haki ya kuiuza. Jaji akimtazama mdai aliyepoteza fedha zake, si ajabu akaingiwa na shaka.

Mwaka 1892 Ameer Ali aliamua kesi moja akasema wakfu wa familia ni halali. Muda si mrefu suala hilohilo likapelekwa mbele ya jopo kamili la Mahakama Kuu ya Calcutta, katika kesi ya Bikani Mia dhidi ya Shuk Lal Poddar. Majaji wengi walisema wakfu wa namna hiyo haufai isipokuwa sehemu ya maana ya mali iwe imekwenda kwenye sadaka kwa uhakika. Ameer Ali akabaki upande wa pili. Aliandika hukumu ndefu ya kupinga, na ukiisoma unaona anafanya kazi ambayo wenzake hawakuwa na namna ya kuifanya. Anazirejea ibara za Fatawa Alamgiri na vitabu vingine vya Kihanafi kwa Kiarabu chake mwenyewe, anaonyesha mahali tarjuma ilipopotosha, anaeleza mafakihi wa kila tabaka walisema nini.

Suala la tarjuma halikuwa dogo. Majaji wa Kiingereza waliitegemea sana Hidaya iliyotafsiriwa na Charles Hamilton mwaka 1791. Hamilton hakuitafsiri kutoka Kiarabu. Aliitafsiri kutoka nakala ya Kiajemi, na nakala hiyo ilikuwa imechanganya maelezo ya watu wengine na maneno ya kitabu chenyewe. Maisha na mali za mamilioni ya Waislamu yalikuwa yanaamuliwa kwa kitabu kilichopita mikono miwili kabla ya kumfikia jaji. Hoja kuu ya Ameer Ali lakini haikuwa ya lugha. Alisema kwamba neno sadaka katika Uislamu halina mpaka ule wa Kiingereza. Kumlisha mtoto wako, kumsitiri jamaa yako asije akaomba, ni ibada yenye thawabu, tena inatangulia kumpa mtu wa mbali. Ukilitafsiri neno kwa Kiingereza halafu ukalipima kwa maana ya Kiingereza, umelihukumu neno jingine kabisa.

Mwaka 1894 kesi nyingine ya wakfu ilifika London, ile inayoitwa Abul Fata dhidi ya Russomoy. Ndugu wawili waliweka mali yao wakfu kwa watoto na dhuria wao, na mwisho wa ukoo mapato yawaendee mayatima, wajane na maskini. Lord Hobhouse ndiye aliyesoma hukumu ya Privy Council. Aliona fungu la maskini liko mbali mno, limewekwa kwa sura tu, kwa kuwa huenda ukoo usikatike kamwe. Akaona pia ni kumvunjia heshima Mtume (S.A.W.) kudhani kwamba alisifu kutoa ambako mtoaji hajinyimi kitu. Hoja za Ameer Ali zilikuwa mbele yake, na alizitaja. Akasema ni maelezo ya jumla na mifano isiyokuwa na mazingira ya kutosha ya kuongozea mahakama. Wakfu ukabatilika. Na kwa kuwa ni Privy Council iliyosema, kila mahakama iliyokuwa chini yake ililazimika kufuata, pamoja na Mahakama Kuu ya Calcutta, pamoja na Jaji Ameer Ali aliyebaki akikaa pale miaka kumi zaidi.

Nimeisoma hoja ya Hobhouse zaidi ya mara moja, na sitasema ni ya kipuuzi. Wakfu wa familia una maradhi yake. Baada ya vizazi vitano warithi wanakuwa mamia, fungu la kila mmoja halinunui hata mkate, nyumba inaoza kwa kuwa hakuna mwenye hamu ya kuikarabati. Waislamu wenyewe waliliona hilo. Syria iliufuta wakfu wa familia mwaka 1949 na Misri mwaka 1952. Lakini angalia tofauti. Misri na Syria zilikiri kwamba jambo hili limo katika fiqhi, kisha zikaamua kwa sheria ya nchi kuliondoa kwa maslahi ya wakati ule. Hobhouse alidai kuwa jambo lenyewe halimo katika Uislamu. Watu waliosoma tarjuma waliwaambia waliosoma asili dini yao inasema nini, na neno lao likawa la mwisho. Hilo ndilo lililomuuma Ameer Ali, na nadhani ndilo linalotufanya hata leo, tunapojadili mahakama za kadhi zilizotajwa katika Katiba yetu ya mwaka 1995, tuulize kwanza nani atakayekaa kitini na amesoma nini, kabla ya kuuliza jengo litakuwa wapi.

Hakuikana hukumu ya London kazini. Alikuwa jaji, na jaji wa chini humfuata wa juu. Alipigana nayo katika vitabu vyake vya sheria, toleo baada ya toleo, na katika makala. Nje ya mahakama wengine waliichukua kazi hiyo. Shibli Numani alizunguka akikusanya rai za maulamaa. Muhammad Ali Jinnah, wakili wa Bombay ambaye wakati huo bado alikuwa kijana, aliwasilisha mswada katika baraza la kutunga sheria la India mwaka 1911. Mwaka 1913 ukawa sheria: Muislamu anaweza kuweka wakfu kwa ajili ya familia yake, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au kazi nyingine ya kudumu ya dini. Karibu kila sentensi ya sheria ile ilikuwa imeshasemwa katika hukumu ya kupinga ya Ameer Ali miaka 20 nyuma. Mahakama baadaye zilisema sheria hiyo haihusu wakfu zilizowekwa kabla yake, na ilibidi itungwe nyingine mwaka 1930 kuziba pengo hilo.

Yeye alistaafu Calcutta mwaka 1904 akahamia Uingereza moja kwa moja. Mwaka 1908 alianzisha tawi la London la Muslim League, akalitumia kuwashawishi mawaziri wa Kiingereza wawape Waislamu wa India uchaguzi wao wa peke yao. Walipewa mwaka 1909. Wapo wanaoona hapo ndipo mbegu ya kugawanyika kwa India ilipopandwa, na wapo wanaoona bila hapo Waislamu wangemezwa. Sitaliamua hapa. Mwishoni mwa mwaka huohuo aliapishwa kuwa mjumbe wa Privy Council na kuingia katika kamati yake ya majaji. Hakuna Mhindi, awe Muislamu au Mbaniani, aliyekuwa amekaa pale kabla yake.

Tafakari ilivyokuwa. Miaka 15 baada ya Hobhouse, mtu ambaye hoja zake zilikataliwa anaingia katika kamati ileile, Downing Street, chumba ambacho majaji walikuwa wakikaa bila majoho na bila mawigi, kwa sababu kinadharia wao hawatoi hukumu bali wanamshauri Mfalme. Na ushauri kwa Mfalme ni mmoja. Kwa desturi ya kamati ile, hata majaji wakitofautiana, huandikwa na kusomwa rai moja tu. Anayepinga hunyamaza, na jina lake halijulikani. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1966. Kwa hiyo Ameer Ali alipata kiti cha juu zaidi na akapoteza silaha aliyokuwa nayo Calcutta, yaani haki ya kuandika kwamba wenzangu wamekosea. Alichobakiwa nacho ni kuomba aiandike yeye ile rai moja.

Na aliandika nyingi. Nitataja mbili. Mwaka 1918, katika kesi ya Imambandi dhidi ya Mutsaddi, mjane aliuza fungu lake la mirathi pamoja na mafungu ya watoto wake wadogo. Ameer Ali alieleza kwa utaratibu kwamba mama ana haki ya kumlea mtoto, lakini usimamizi wa mali ya mtoto ni jambo jingine: ni wa baba, wa aliyeusiwa na baba, wa babu, wa aliyeusiwa na babu, na wasipokuwapo ni wa kadhi. Mama au ndugu aliyejitwika tu kazi hiyo hana uwezo wa kuuza ardhi ya yatima. Hukumu hiyo inaonekana kali kwa akina mama, na mwanzoni niliisoma hivyo. Lakini walionufaika nayo ni watoto ambao ardhi yao ilishauzwa, na wapo kwetu mayatima wengi waliopoteza viwanja kwa ami au mjomba aliyejifanya msimamizi.

Ya pili ni ya mwaka 1921, Vidya Varuthi dhidi ya Balusami, kesi iliyohusu mali ya nyumba ya dini ya Kihindu. Wanasheria walikuwa wamezoea kumuita mkuu wa nyumba hiyo, na vilevile mutawali wa wakfu, mdhamini kwa maana ya Kiingereza, yaani mtu anayemiliki mali kisheria kwa faida ya wengine. Ameer Ali akasema hapana. Mali ya wakfu haimilikiwi na mutawali. Imerudi kwa Mwenyezi Mungu, na mutawali ni msimamizi tu. Muislamu aliandika hukumu ya Wahindu, na ndani yake akalisema lile lile alilolisema Calcutta: usichukue neno la Kiingereza ukalivalisha jambo la watu wengine. Safari hii hakuwa na wa kumpinga.

Maisha yake ya London yalikuwa na mengi nje ya mahakama. Italia ilipoivamia Tripoli mwaka 1911 alishiriki kuanzisha Hilali Nyekundu ya Uingereza kuwapelekea majeruhi msaada. Kuanzia mwaka 1910 aliongoza kamati ya mfuko wa msikiti wa London, wakati Waislamu walikuwa wakiswali Ijumaa katika vyumba vya kukodi. Mfuko huo ndio uliozaa East London Mosque, uliofunguliwa mwaka 1941. Barua yake maarufu, hata hivyo, ilileta maafa. Novemba 1923 yeye na Aga Khan walimwandikia Ismet Pasha, waziri mkuu wa Uturuki, wakimsihi cheo cha Khalifa kisidhoofishwe. Barua ilitokea katika magazeti ya Istanbul kabla haijamfikia aliyeandikiwa kule Ankara. Wapinzani wa ukhalifa wakapata walichokitaka: Washia wawili, wote marafiki wa Uingereza, wanatufundisha mambo ya Khalifa wa Sunni! Wahariri wakafikishwa mahakamani, na tarehe 3 Machi 1924 ukhalifa ukafutwa. Sidhani barua ile ndiyo iliyouua ukhalifa, kwani uamuzi ulikuwa unapikwa tangu zamani, lakini iliwapa kisingizio waliokuwa wanakitafuta.

Hapo ndipo ugumu wa kumpenda Ameer Ali ulipo. Aliiamini dola ya Kiingereza kuliko ilivyostahili. Aliamini kwamba ukiingia ndani ya nyumba yao, ukavaa kama wao na kuijua sheria yao kuliko wao, watakusikiliza. Mara nyingine walimsikiliza. Mimi siwezi kumlaumu sana kwa hilo, maana sisi wenyewe tumo katika vyuo vilivyoanzishwa na dola hiyohiyo, tunasoma hukumu zake.

Alifariki tarehe 3 Agosti 1928, akiwa na miaka 79, bado akiwa mjumbe wa kamati ya majaji, akazikwa katika makaburi ya Brookwood, nje ya London. Allah amrehemu.

Lakini kesi yake haikuzikwa naye. Sheria ya mwaka 1913 ilikuwa ya India peke yake. Kwingineko hukumu ya Hobhouse ilibaki hai, na mahakama za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya Privy Council ileile. Pwani yetu ni ya Kishafii, haina uhusiano wa karibu na Hanafi wa Bengal, na watu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa walikuwa wakiwawekea watoto wao nyumba na mashamba ya minazi wakfu kwa vizazi. Zanzibar ilitunga sheria ya kuziokoa katika miaka ya 1940. Kenya haikuwahi. Familia moja ya Mombasa iligombana juu ya wakfu wa baba yao, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kisha London. Hukumu yake imo katika ripoti za mwaka 1952. Majaji wa Privy Council walisema kwamba Abul Fata si hukumu ya India tu. Ni tamko juu ya sheria ya Kiislamu kwa jumla, na linaifunga Mombasa kama lilivyoifunga Calcutta. Wakfu ukabatilika, zaidi ya miaka 50 baada ya ndugu wale wa India, mbele ya kamati ambayo Ameer Ali aliikalia kwa karibu miaka 20.

Dawa ilipatikana kwa njia ileile ya mwaka 1913. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilipitisha Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951, na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema wakfu wa Muislamu kwa ajili ya nafsi yake, watoto wake na dhuria yake ni halali, mradi mwisho wake ni maskini au kazi ya kheri inayokubaliwa na Uislamu. Wakili aliyesimamia kesi ya wakfu Mombasa alikuwa akikitumia kifungu hicho.